Defender, AdwCleaner, Malwarebytes au Spybot: ipi ya kuweka kwenye kompyuta ya nyumbani Tabora

Kuhusu programu za kukamata majasusi, yaani programu zinazojificha kwenye kompyuta na kuiba taarifa zako, kwa kompyuta ya nyumbani inayotumia Windows 10 au 11 hukumu yangu ni hii: baki na Microsoft Defender iliyokuja na Windows, weka AdwCleaner akiba ya kusafishia kivinjari, ita Malwarebytes ya bure pale tu unaposhuku kuna kitu kimepenya, na Spybot achana nayo. Sikupanga hivyo kwa kuangalia ipi inasifiwa zaidi. Nimeangalia jambo moja ambalo matangazo ya programu hizi hayaligusi: ipi itaendelea kusasishwa kwenye nyumba ya Isevya, Ipuli au Cheyo, ambako intaneti ni hotspoti ya simu, bando linahesabiwa kwa MB na umeme unaweza kukatika kazi ikiwa katikati. Programu ya kukamata majasusi yenye orodha ya vitu vya kukamata ya miezi mitatu iliyopita inawajua majasusi wa miezi mitatu iliyopita tu, hata kama uliilipia.

Programu jasusi haina kelele. Virusi vya zamani vilifuta mafaili ukajua siku hiyo hiyo. Hizi hukaa kimya zikikusanya maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye kivinjari, vidakuzi vinavyokuingiza kwenye akaunti bila kuulizwa neno la siri tena, na wakati mwingine kila kitufe unachobonyeza. Kwa mtu wa hapa, hiyo ni Gmail yake, Ajira Portal ya kuombea kazi za serikali, akaunti ya mkopo wa masomo ya HESLB na benki ya mtandaoni. Mwezi Mei 2025 Microsoft ilitangaza kwamba kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei mwaka huo ilibaini kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa na jasusi mmoja tu, Lumma.

Njia za kuingilia zinajulikana. Ya kwanza ni flashi iliyotoka stesheneri, hasa msimu ambao wanafunzi wa vyuo wanachapisha ripoti na flashi moja inachomekwa kwenye mashine tatu kwa siku. Ya pili ni programu zilizokrakiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure. Ya tatu imeshika kasi miaka ya karibuni: ukurasa unakuambia uthibitishe kwamba wewe si roboti kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukifanya hivyo umebandika na kuendesha amri ya mwizi, ambayo ukurasa umeshainakili kimya kimya, kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna tovuti halali inayothibitisha mtu kwa njia hiyo.

Microsoft Defender

Wapo wanaosema Defender ni ya virusi tu na majasusi yanahitaji programu nyingine. Historia yake inasema kinyume. Microsoft ilinunua kampuni ya GIANT Company Software Desemba 2004, na Januari 2005 ikatoa toleo la majaribio la programu yake ya kupambana na majasusi, ambayo baadaye ikaitwa Windows Defender. Kazi ya antivirusi kamili iliongezwa kwenye Windows 8 mwaka 2012. Kwa hiyo majasusi ndiyo kazi yake ya kwanza.

Ninachokipenda ni kwamba haidai usajili, haina siku za majaribio zinazoisha, na haikurushii dirisha la kukushawishi ununue toleo kubwa. Orodha yake ya vitu vya kukamata hutolewa upya mara kadhaa kwa siku. Nisichokipenda ni uzito wake kwenye kompyuta za mtumba zenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Ikianza kuskani, ukifungua Task Manager unaona "Antimalware Service Executable" imeshika diski kwa asilimia 100 na Word haifunguki. Dawa si kuizima. Fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri) kwa haki za msimamizi, yaani kwa "Run as administrator", uandike:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kawaida yake ni 50. Ukishusha hadi 20, skani za ratiba zitachukua muda mrefu zaidi lakini utaweza kuendelea na kazi. Dawa kubwa zaidi ni kubadilisha diski hiyo kuweka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), na kwa kompyuta ya namna hii ningeweka pesa huko kabla ya kulipia antivirusi yoyote.

Kujua kama imesasishwa, usitosheke na alama ya kijani kwenye ngao. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", shuka hadi "Protection updates" na usome mstari wa "Version created on". Hiyo ndiyo tarehe iliyotengenezwa orodha uliyonayo. Kwa PowerShell ni haraka zaidi: andika Get-MpComputerStatus, kisha tafuta AntivirusSignatureAge. Namba iliyo mbele yake ni umri wa orodha kwa siku. Sifuri au 1 ni sawa. Ikifika 7 kuna kitu kimekwama. Hapo hapo angalia AMRunningMode iwe "Normal" na RealTimeProtectionEnabled iwe "True".

Sasa suala la bando, ambalo wengi wanalichukulia kinyume. Mtu anazuia masasisho mwezi mzima akidhani anaokoa MB. Defender ikisasishwa mara kwa mara hupakua tofauti tu kati ya orodha uliyonayo na iliyotoka karibuni, na kadiri orodha yako inavyozeeka ndivyo mzigo unavyokuwa mkubwa. Ukikaa muda mrefu italazimika kuvuta furushi zima, ambalo kwa Windows ya biti 64 linazidi MB 100. Anayesasisha kila siku kidogo kidogo anatumia bando dogo kuliko anayesubiri mwisho wa mwezi.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Ukiunganisha hotspoti ya simu na kuiwekea alama ya "Metered connection", jambo ambalo ni la busara kwa sababu linazuia Windows kuvuta masasisho makubwa bila kukuuliza, Defender nayo huacha kujisasisha yenyewe. Ngao itabaki kijani kwa siku kadhaa na wewe hutajua. Suluhisho ni kuiacha alama hiyo ilipo na kuipa Defender peke yake ruhusa:

Set-MpPreference -MeteredConnectionUpdates 1

Kwangu huo ndio mpangilio wenye faida kuliko yote kwa nyumba inayotegemea simu. Unaufanya mara moja tu.

Inapogoma kusasishwa

Defender inapogoma hutoa namba ya kosa. Isome vizuri kabla ya kumwita fundi, kwa sababu namba hiyo karibu kila mara inakuonyesha pa kuanzia.

0x80070422 maana yake huduma inayohitajika imezimwa. Hapa kwetu chanzo kikubwa ni kwamba aliyepiga Windows aliizima Windows Update makusudi ili mteja asilalamike bando kuisha. Nia ilikuwa njema, lakini Defender hutumia mlango huo huo. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta "Windows Update", ifungue, na kwenye "Startup type" weka "Manual", bofya "Apply", kisha bofya "Start". Fanya hivyo pia kwa "Background Intelligent Transfer Service". Kama huduma inajizima tena baada ya kuwasha kompyuta, kuna programu ndogo ya kuzuia masasisho iliyoachwa humo. Itafute kwenye orodha ya programu na uiondoe. Kama hutaki kabisa kuifungua Windows Update, ipo njia ya kuzunguka:

Update-MpSignature -UpdateSource MMPC

Hii huvuta orodha moja kwa moja kutoka Microsoft bila kupitia huduma hiyo, lakini uwe na bando la kutosha, maana inaweza kuvuta furushi zima.

0x80072f8f ni kosa la muunganisho salama, na kwenye kompyuta za mezani za mtumba jambo la kwanza kuangalia ni saa. Cheti cha usalama cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako ikiamini leo ni Januari 2015, kila cheti kitaonekana batili na hakuna kitakachopakuliwa. Gmail nayo itakataa kufunguka kwa onyo la cheti. Chanzo ni betri ndogo ya maza bodi, CR2032 ya volti 3, iliyokufa. Umeme ukiwepo muda wote huwezi kugundua, ila mtaa ukikatiwa au ukichomoa waya usiku, saa inarudi nyuma. Dell za ofisini huandika "Time-of-day not set" zinapowaka, HP huandika "163-Time & Date Not Set", na watu wanabonyeza F1 kila asubuhi bila kuuliza kwa nini.

Kubadilisha betri hiyo si kazi ngumu, ila ina hatari moja ambayo lazima uijue. Kabla hujaitoa, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) na upige picha ukurasa wa SATA (jinsi diski inavyounganishwa), uone kama imeandikwa AHCI au RAID. Betri ikitoka, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, na kama SATA itabadilika Windows haitawaka. Utadhani umeua diski kumbe ni mstari mmoja wa BIOS. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, sukuma kile kishikio cha chuma, betri itaruka juu. Weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa, ingia BIOS, rekebisha tarehe na SATA, hifadhi. Ukishafika kwenye Windows fungua mipangilio ya saa, hakikisha ukanda ni Nairobi (UTC+03:00), na ubofye "Sync now". Kwenye laptopu nyingi betri hii ina waya na kifuniko cha plastiki, hivyo hiyo mpelekee fundi.

0x80072ee7 ni jina la seva kushindwa kupatikana. Mara nyingi ni bando kuisha au mtandao kuyumba. Lakini kama kurasa nyingine zinafunguka na Defender peke yake haipati, shuku jasusi. Wapo wanaoandika majina ya seva za masasisho kwenye faili la hosts (orodha ya Windows ya majina ya tovuti na anwani zake) ili yasifikike, na wengine huweka proksi (kituo cha kati cha mtandao) ya 127.0.0.1 ili kila unachofungua kipitie kwao. Fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwa Notepad iliyofunguliwa kwa haki za msimamizi. Kwenye Windows ambayo haijaguswa mistari yote huanza na alama ya #. Ukikuta mistari isiyo na # yenye majina ya microsoft.com au ya kampuni za antivirusi, ifute. Halafu nenda Settings, "Network & internet", "Proxy", uzime "Use a proxy server", na umalizie kwa amri hii:

netsh winhttp reset proxy

0x80070070 ni diski kujaa. Safisha C: angalau ibaki na GB chache, usihangaike na kitu kingine.

Kisha kuna kukwama kusiko na namba ya kueleweka, ambako hutokea umeme ukikatika sasisho likiwa njiani. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika net stop wuauserv, kisha net stop bits, halafu ubadilishe jina la folda C:\Windows\SoftwareDistribution liwe SoftwareDistribution.old, na uwashe huduma zote mbili kwa net start. Kama bado inagoma, orodha yenyewe imeharibika. Ingia kwenye folda ya C:\Program Files\Windows Defender kwa kuandika cd na njia hiyo ndani ya alama za kunukuu, kisha endesha:

MpCmdRun.exe -RemoveDefinitions -All
MpCmdRun.exe -SignatureUpdate

Usifanye hatua hizi mbili bila bando mkononi. Ya kwanza inakurudisha kwenye orodha ya zamani na ya pili ndiyo inayokutoa huko. Ukikatikia katikati utabaki na kinga dhaifu kuliko uliyokuwa nayo.

Kompyuta isiyo na intaneti kabisa

Ziko nyingi: ya mzee anayeandikia mahesabu ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ya watoto ya kujifunzia, ya fundi cherehani anayechezea muziki. Hazina intaneti lakini zina flashi, na flashi inatosha kuziletea ugonjwa. Microsoft hutoa furushi la orodha kama faili moja, mpam-fe.exe, kwenye ukurasa wa microsoft.com/wdsi. Chagua la biti 64 kama Windows yako ni ya biti 64, maana la 32 halitakubali. Lipakue kwenye kompyuta yenye mtandao, liweke kwenye flashi, lipeleke.

Kabla ya kulifungua, bofya kitufe cha kulia juu ya faili, chagua "Properties", kisha "Digital Signatures". Lazima ukute Microsoft Corporation. Kama ukurasa huo haupo, faili limechezewa au si lenyewe, lifute. Ukilibofya mara mbili hutaona dirisha lolote wala ujumbe wa kumaliza, na hapo ndipo watu wanadhani limegoma wakaanza kulibofya mara tano. Subiri dakika chache, kisha rudi usome "Version created on". Faili la wiki iliyopita usilitunze kama mali. Pakua jipya kila unapokwenda.

Kwenye kompyuta hizo, adui wa kawaida ni ile virusi ya shotikati: unachomeka flashi unakuta mafaili yote yamegeuka vishale. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu, na kishale kinaendesha hati ndogo ya amri (skripti) kupitia wscript.exe. Fuata mpangilio, kwa sababu ukianza na mafaili virusi inayaficha tena. Fungua Task Manager uzime wscript.exe kwanza. Kisha skani flashi kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua "Scan with Microsoft Defender", ambayo kwenye Windows 11 inaweza kuwa ndani ya "Show more options". Skani kubwa ya kawaida haigusi flashi mpaka uiambie, kwa hiyo usidhani Full scan imekusaidia hapo. Baada ya hapo fungua Command Prompt, na kama flashi ni E: andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yakirudi, futa vishale. Kama kesho yake vimerudi, hati imebaki ndani ya kompyuta. Fungua Task Scheduler na folda ya Startup utafute chochote kinachoita .vbs au .js.

Defender iliyofungwa macho

Hili naliona zito kuliko makosa yote ya juu, kwa sababu hakuna alama yoyote nyekundu. Windows nyingi zinazopigwa mitaani zimewashwa kwa zana ya kukraki, na Defender huitambua zana hiyo kwa jina HackTool:Win32/AutoKMS. Ili isifutwe, mfungaji anaweka msamaha: anaiambia Defender isikague folda fulani. Wengine kwa uvivu wanasamehe C:\ nzima. Defender inasasishwa kila siku, ngao ni kijani, na haiangalii chochote. Kwenye PowerShell yenye haki za msimamizi andika:

Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath, ExclusionProcess, ExclusionExtension

Kwenye kompyuta ya nyumbani majibu yote matatu yanatakiwa kuwa matupu. Ukikuta C:\ au .exe, ondoa kwa Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\" (au -ExclusionExtension "exe"), kisha uendeshe Full scan. Yaliyojificha humo yatatoka. Ukikuta pia maandishi ya "This setting is managed by your administrator" ilhali kompyuta ni yako, angalia kwenye regedit (kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows), HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows Defender. Kwenye kompyuta ya nyumbani folda hiyo haitakiwi kuwa na amri za kuzima kinga. Futa zilizomo, washa upya, na uwashe "Tamper Protection" (kinga ya Defender dhidi ya kubadilishiwa mipangilio) ili zisirudishwe.

Jambo hili likague siku ya kwanza unaponunua kompyuta ya mtumba, kabla hujaandika neno la siri lolote humo.

AdwCleaner

Faili moja la takriban MB 8, halisakinishwi, linaendeshwa hata kutoka kwenye flashi. Tangu Oktoba 2016 ni mali ya Malwarebytes na ni ya bure. Kazi yake ni ile Defender inayoifanya shingo upande: viendelezi vya kivinjari vinavyokubadilishia ukurasa wa mwanzo, injini za utafutaji zisizojulikana, na programu za matangazo zilizopanda na programu nyingine. Hifadhi kazi yako kwanza kwa sababu inaposafisha hufunga programu zote. Ripoti inabaki C:\AdwCleaner\Logs. Soma kilichokamatwa kabla ya kubofya kusafisha, maana huorodhesha pia programu za kiwandani za HP au Dell ambazo si majasusi. Kwenye mipangilio yake kuna vitufe vya kurudisha proksi, hosts na Winsock (mipangilio ya mtandao ya Windows) katika hali ya mwanzo, vyenye msaada mkubwa kama intaneti imekatika baada ya kusafisha. Kasoro yake: haina kinga ya muda wote, na lazima upakue toleo jipya mara kwa mara, maana faili la mwaka jana linakamata vya mwaka jana.

Kuna lalamiko moja ambalo wala halihitaji programu. Pembeni ya skrini yanatokea maonyo kwamba kompyuta ina virusi 5, lipia sasa. Mara nyingi hizo ni arifa za tovuti uliyoiruhusu bila kujua. Kwenye Chrome fungua chrome://settings/content/notifications na uondoe kila tovuti usiyoijua. Yanaisha hapo hapo.

Malwarebytes ya bure

Inakamata vizuri, hasa kama maoni ya pili. Tatizo ni namna inavyoingia. Unachopakua ni kifaili kidogo kinachokwenda kuvuta kikubwa, kwa hiyo hotspoti ikiyumba usakinishaji unakwama. Ikishaingia inaweza kuanza siku 14 za majaribio ya toleo la kulipia, na muda huo hujiandikisha kama mlinzi mkuu, hivyo Defender inapumzika. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Zima majaribio hayo, au kwenye mipangilio ya usalama zima ile ya kujiandikisha kwenye Windows Security Center. Kisha hakikisha AMRunningMode ya Defender imerudi "Normal". Toleo la bure halikulindi unapofanya kazi na linakutegemea wewe kuliendesha, kwa hiyo bofya kutafuta masasisho kila kabla ya kuskani. Likisema haliwezi kufikia seva, anza na saa, kisha proksi. Kama vyote viko sawa, tumia Malwarebytes Support Tool, sehemu ya "Clean", usakinishe upya.

Kwa anayeweza kulipia, toleo la kulipia si baya. Ila kwa nyumba ya hapa sioni linakupa nini ambacho Defender iliyofunguliwa macho haikupi.

Spybot na wengine

Spybot Search & Destroy ilikuwa na heshima yake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo toleo la bure halijisasishi lenyewe, na "Immunization" yake inajaza faili la hosts kwa mistari mingi sana, jambo linaloweza kuchelewesha kurasa kufunguka kwenye kompyuta dhaifu na kukuvuruga unapotafuta mistari ya kweli ya jasusi. Kama unayo, tengua Immunization kwanza ndipo uiondoe.

Antivirusi za bure za kampuni nyingine zichague kwa uangalifu. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliiamuru Avast kulipa dola milioni 16.5 kwa sababu taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji zilikusanywa na kuuzwa kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliyofungwa 2020. Na laptopu ikija na McAfee au Norton ya majaribio iliyokwisha muda, iondoe kabisa kwa zana yao wenyewe (MCPR kwa McAfee, Norton Remove and Reinstall kwa Norton), maana ile ya Control Panel huacha mabaki yanayoichanganya Windows ni nani mlinzi.

Kwa wenye Windows 10: msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft imesema orodha za Defender zitaendelea kutolewa hadi Oktoba 2028. Mashimo ya Windows yenyewe hayatazibwa bila kujiunga na mpango wa nyongeza, kwa hiyo kivinjari kiwe kipya siku zote.

Baada ya kukamata jasusi

Kitu kikigoma kufutika, tumia "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Kompyuta inajizima na kuskani kabla Windows haijaamka, kama dakika 15. Laptopu iwe imechajiwa, ya mezani iwe kwenye UPS. Majibu yapo "Protection history".

Kufuta jasusi hakurudishi alichokwisha kutuma. Maneno ya siri badilisha kwa kutumia kifaa kingine, simu kwa mfano, wala si kompyuta hiyo kabla haijathibitika safi. Anza na barua pepe, kwa sababu ndiyo inayopokea viungo vya kubadilishia akaunti nyingine zote, kisha benki, kisha Ajira Portal na HESLB. Kwenye kila moja tafuta sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia. Usipofanya hivyo, mwenye kidakuzi chako anaweza kubaki ndani hata kama neno la siri ni jipya.